Kundi Lako la Damu Lina Mengine Yasiyoandikwa Kwenye Kadi

Mtu akiulizwa kundi lake la damu hujibu bila kufikiri: O chanya, B chanya, A hasi. Kwa watu wengi jibu hilo linatosha, na sina ugomvi nalo. Aliyepata ajali, akawekewa mifuko miwili akapona, huenda asihitaji tena damu ya mtu mpaka mwisho wa maisha yake. Kwake ile herufi na ile alama zimeshamaliza kazi. Ugomvi wangu ni kwa yule ambaye damu ni dawa yake ya kila mwezi: mtoto mwenye selimundu aliyekwisha kupata kiharusi, au mwenye thalasemia ambaye uboho wake hauwezi kutengeneza himoglobini ya kutosha. Huyu akiwekewa damu kwa kutazama herufi na alama tu, miaka mingi, kuna siku mwili wake utaanza kuikataa. Siku hiyo hapatakuwa na njia ya kurudi nyuma.

Nafanya kazi katika maabara ya damu, kwenye meza ambako sampuli ya mgonjwa hukutanishwa na mfuko wa mchangiaji kabla haujapelekwa wodini. Siku nyingi kazi huenda yenyewe. Lakini wapo wagonjwa ambao jina lao likionekana kwenye fomu ya maombi tunatazamana, kwa sababu tunajua asubuhi hiyo imekwisha. Wala hawana kundi la ajabu. Wengi wao ni O chanya au B chanya. Ila wamekwisha kutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, tatu au nne dhidi ya damu za watu wengine, na mfuko baada ya mfuko unaotoka kwenye jokofu unakataliwa. Karibu wote walianza wakiwa hawana hata kingamwili moja ya aina hiyo. Tuliwafikisha hapo sisi wenyewe tuliokuwa tunawaokoa.

Chembe nyekundu ya damu ukiitazama kwa hadubini ni kisahani kilichobonyea katikati, hakina makuu. Mambo yako juu ya uso wake. Umejaa protini na minyororo ya sukari, na baadhi ya hizo hutofautiana mtu na mtu. Tofauti inayoweza kutambuliwa na kinga ya mwili wa mwingine ndiyo antijeni. Karl Landsteiner alipotangaza makundi ya kwanza mjini Vienna mwaka 1901, aliyoyaona yalikuwa ya sukari: A na B. Hizi zina tabia ya pekee. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A na B hata kama hajawahi kuwekewa damu, kwa kuwa bakteria wa utumbo hubeba sukari zinazofanana nazo, na mtoto huanza kutengeneza kinga dhidi yake miezi ya mwanzo ya maisha. Ndiyo maana kosa la ABO linaweza kuua upesi hivyo. Mwili haukuhitaji kujifunza chochote.

Antijeni nyingine karibu zote haziko hivyo. Mtu asiye nazo hana kingamwili dhidi yake mpaka azikute, ama kwenye damu aliyowekewa ama kwenye ujauzito, damu ya mtoto inapochanganyika na ya mama. D, ile tunayoiandika chanya au hasi, ilifahamika kati ya 1939 na 1940, na moja ya visa vilivyofungua njia kilikuwa cha mama aliyejifungua mtoto mfu, kisha akadhurika alipowekewa damu ya mumewe. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi: Kell 1946, Duffy 1950, Kidd 1951, majina yaliyotokana na familia za wagonjwa ambao kingamwili hizo zilipatikana kwao. Leo mifumo ya makundi ya damu inayotambuliwa imepita 40, na antijeni zimepita 300. Namba hiyo isimtishe mtu. Zinazotusumbua kazini ni chache: C, c, E na e zilizo majirani wa D katika mfumo wa Rh, K ya Kell, Fya na Fyb za Duffy, Jka na Jkb za Kidd, na S na s.

Tofauti zenyewe ni ndogo kiasi cha kuudhi. E na e ni protini ileile yenye mamia ya asidi amino, ila kwenye nafasi ya 226 mmoja ana prolini na mwenzake ana alanini. K na mwenzake k nao wanatofautiana kwa asidi amino moja. Kwa tofauti hiyo, mgonjwa anaweza kukosa damu.

Mfuko mmoja una chembe nyekundu takriban trilioni mbili. Kila siku sehemu ya chembe hizo huzeeka, na wengu huzila na kuzivunjavunja. Seli za wengu huonyesha vipande hivyo kwa seli nyingine za kinga, na zikikuta kipande ambacho mwili wenyewe haujawahi kuwa nacho, mafunzo yanaweza kuanza. Nasema yanaweza, kwa kuwa watu wengi hawajibu. Kati ya wagonjwa wa kawaida waliowahi kuwekewa damu, wanaopata kingamwili ni kama 2 hadi 5 katika kila 100. Kwa nini huyu ajibu na yule asijibu, sehemu ya jibu iko kwenye jeni zake na sehemu iko kwenye hali yake siku ile. Mwili unaowaka kwa maambukizi, au kwa shambulio la kifua la selimundu, unajifunza upesi zaidi. Na hapo ndipo penye ukatili wa jambo hili, maana siku anayohitaji damu kwa haraka ndiyo siku ambayo kinga yake iko macho kuliko siku zote.

Kwa wenye selimundu hesabu ni nyingine kabisa. Mwaka 1990 Vichinsky na wenzake walichapisha utafiti kutoka Marekani: wagonjwa wa selimundu waliowekewa damu, wote weusi, walikuwa na kingamwili kwa asilimia 30, ilhali wagonjwa wa aina nyingine za upungufu wa damu wa kudumu, wasio weusi, walikuwa nazo kwa asilimia 5. Wachangiaji wengi wa eneo hilo walikuwa wa asili ya Ulaya. Sehemu kubwa ya kingamwili hizo zililenga C, E, K na Jkb, yaani antijeni zilizo nyingi zaidi kwa wachangiaji wale kuliko kwa wagonjwa. Damu ilikuwa salama kwa kila kipimo cha wakati ule. Herufi zililingana, alama zililingana. Kilichobaki nje ya kadi ndicho kilicholeta madhara.

Mama mmoja aliwahi kusimama kwenye dirisha letu la kupokelea sampuli, mwanawe akiwa wodini, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kuzungushwa: "Daktari, mwanangu si O? Na hizo chupa mlizonazo si O? Sasa tangu jana mnatafuta nini?"

Mimi si daktari, lakini pale dirishani wote tunaitwa hivyo. Nikamwambia, "Ni O kweli, mama. Ila mwili wake umeanza kuzikataa O za watu wengine."

"Tangu lini?"

Hilo ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kazini, na jibu lake halikuwemo kwenye faili. Nitalirudia.

Alichotaka kujua ni tunatafuta nini, basi nieleze. Kwanza plazma ya mgonjwa, yaani maji ya damu yanayobeba kingamwili, inachanganywa na chembe za watu wawili au watatu ambao antijeni zao zinajulikana. Ikitokea kugandana, tunafungua paneli. Mara nyingi ni vichupa 11, kila kimoja kina chembe za mchangiaji mmoja, wote wa kundi O ili A na B zisituvuruge. Paneli huja na karatasi yenye safu na mistari, imejaa alama za kujumlisha na sifuri: chembe namba moja ina C haina c, ina K, haina Fya, namba mbili ina hiki haina kile, na kuendelea mpaka chini. Unadondosha plazma, unadondosha chembe, unaziweka kwenye joto la nyuzi 37 ili kingamwili zipate kushika. Kisha unaosha kwa maji ya chumvi, unamwaga, unaosha tena, tena. Halafu unatia tone la Coombs.

Tone hilo linastahili sentensi zake. Kingamwili nyingi za aina hii ni ndogo mno. Zinashika chembe lakini hazifiki kwenye chembe ya pili kuziunganisha, kwa hiyo kwenye neli huoni kitu, ukadhani kuko shwari. Robin Coombs, Arthur Mourant na Robert Race walieleza mwaka 1945 njia ya kuzifichua: kingamwili inayoshika kingamwili. Inakamata huku na kule, chembe zinaungana, na kilichokuwa hakionekani kinaganda mbele ya macho yako. Mpaka leo, iwe kwenye neli ya kioo au kwenye kadi ya jeli, wazo ni lile lile.

Baada ya kuzungushwa kwenye mashine unainua neli kwenye mwanga na kuigongagonga taratibu kwa kidole. Bonge moja lisilovunjika ni 4. Punje zinazoonekana kwa shida ni 1, na hizo ndizo zinazokufanya uite mwenzako aje atazame pia. Halafu inakuja kalamu. Kila chembe ambayo haikugandana inakupa ruhusa ya kufuta kwenye karatasi antijeni ilizonazo, maana kama mgonjwa angekuwa na kingamwili dhidi yake ingeonekana. Ruhusa yenyewe ina masharti. Kingamwili za Kidd ni za ujanja: mara nyingi huishika vizuri chembe iliyorithi Jka kwa wazazi wote wawili, na kuipita kama haipo ile iliyorithi kwa mmoja. Ukifuta haraka, umeifuta yenyewe. Mwisho wa karatasi kinabaki kitu kimoja, au viwili, au kwa wale wagonjwa ninaowasema, vinne vilivyopandana mpaka paneli nzima inagandana na huna pa kuanzia kufuta.

Ukishazijua, kuna hesabu. Tuseme mgonjwa ana kingamwili dhidi ya E, K na Jka. Katika wachangiaji wa asili ya Ulaya, wasio na E ni kama 71 kati ya 100, wasio na K ni 91, wasio na Jka ni 23. Zidisha sehemu hizo: 0.71 mara 0.91 mara 0.23 ni karibu 0.15. Ukitaka mifuko miwili, upime kama 13 au 14 ya kundi lake. Kwa wachangiaji wa asili ya Afrika K karibu haipo, jambo la heri, lakini wasio na Jka ni kama 8 tu kati ya 100. Hesabu inashuka mpaka 0.06, na kwa mifuko ileile miwili unapima zaidi ya 30. Hapo bado hujazungumzia kuisha muda kwa damu, wala mgonjwa wa chumba cha upasuaji anayesubiri mifuko ileile uliyoishika mkononi.

Sasa nirudi kwenye swali la yule mama. Tangu lini?

Kingamwili hazikai kwenye damu milele. Mwili usipoikuta tena ile antijeni, kiasi chake hushuka, na baada ya miezi au miaka kipimo kinaweza kurudi safi kabisa. Kidd ndizo zinazosifika kwa kutoweka. Lakini seli za kumbukumbu zimebaki. Ni kama mlinzi wa lango ambaye daftari lake la wageni limepotea ila sura ya mwizi anaikumbuka: ukimtazama hana ushahidi wowote, mwizi akitokea tu anapiga filimbi. Mgonjwa anakuja hospitali mpya, plazma inapimwa, hakuna kitu, anapewa damu yenye ile antijeni, kila kipimo kikisema inafaa. Siku chache baadaye kumbukumbu inaamka na kingamwili zinamiminika kuliko mara ya kwanza.

Kwa kawaida hilo hutokea kati ya siku ya 5 na ya 14 baada ya kuwekewa damu, wakati mgonjwa amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Homa kidogo, macho ya manjano, mkojo mweusi, na himoglobini iliyopandishwa kwa damu ya watu inashuka ilikotoka. Kwa mwenye selimundu kuna mtego wa ziada, kwa kuwa anapata pia maumivu makali ya mifupa na mgongo, na kila anayemwona anasema ni maumivu yake ya siku zote. Nimeona fomu za maombi zilizoandikwa hivyo, "maumivu ya selimundu, HB imeshuka, tunaomba mifuko miwili", bila neno moja kwamba mgonjwa huyo aliwekewa damu wiki iliyotangulia katika hospitali nyingine. Sehemu ya fomu inayouliza kama amewahi kuwekewa damu iko wazi. Iko wazi mara nyingi kuliko ilivyojazwa.

Hali mbaya zaidi ni pale mwili unapovunja chembe za mchangiaji na za mgonjwa mwenyewe kwa pamoja. Himoglobini inashuka chini ya ilivyokuwa kabla ya kuwekewa damu. Mkono wa kila mtu unakimbilia kuagiza damu nyingine, na damu hiyo nyingine inaweza kuongeza moto. Wataalamu hushauri kuzuia damu kadiri mgonjwa anavyoweza kustahimili, na kutumia steroidi na imunoglobulini ya kudungwa mshipani. Ni uamuzi mgumu kwa daktari kumnyima damu mtu mwenye himoglobini ya 4. Ndiyo maana taarifa kwamba miaka mitatu iliyopita mahali fulani alionekana kuwa na anti-Jka, yaani kingamwili inayoishambulia Jka, ina thamani kuliko mashine yoyote tuliyo nayo maabara. Mgonjwa apewe karatasi yenye taarifa hiyo. Aipige picha, aihifadhi kwenye simu, aionyeshe popote anapolazwa. Mfumo wa kumbukumbu unaounganisha hospitali ungekuwa bora, lakini mgonjwa hawezi kuusubiri.

Ila yote hayo ni kuhangaika baada ya tukio. Kinachowezekana kabla yake si siri. Watafiti wa jaribio la kuzuia kiharusi kwa watoto wenye selimundu, lililofahamika kwa jina la STOP, waliwapa watoto damu iliyolinganishwa pia kwa C, E na K. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha uwezekano wa kupata kingamwili umeshuka kutoka kama asilimia 3 kwa kila mfuko hadi 0.5. Antijeni tatu tu. Mwaka 2020 Chama cha Hematolojia cha Marekani kiliandika kwenye mwongozo wake kwamba wenye selimundu walinganishiwe Rh, yaani C na E, au C/c na E/e, pamoja na K, hata kama hawajatengeneza kingamwili yoyote. Wenye thalasemia nao hushauriwa vivyo hivyo, tena kabla ya mfuko wa kwanza. Kwa msichana faida ni maradufu: kingamwili ya K au c aliyoipata utotoni inaweza siku moja kupita kwenye kondo na kumshambulia mtoto aliye tumboni, na ile ya K ina ubaya wa pekee, maana inazuia hata utengenezaji wa chembe mpya za mtoto.

Wapo wanaouliza kwa nini tusilinganishe kila kitu basi, C mpaka s. Kwa sababu damu ingeisha. Kila antijeni unayoiongeza kwenye masharti inapunguza idadi ya mifuko inayofaa, na mgonjwa aliyekosa damu hasaidiwi na usahihi wako. Rh na K zinachaguliwa kwa kuwa ndizo zinazoleta kingamwili nyingi zaidi. Na mtu anayevuja damu mbele yako hapewi mihadhara ya antijeni. Anapewa damu inayofaa kwa dharura, na mengine yatafuata.

Hata hivyo Rh ina kitendawili chake, na hiki nakipenda. Wenye asili ya Afrika wengi wana D lakini hawana C wala E; kwa lugha ya maabara wanaitwa Ro. Kati ya watu weusi ni karibu nusu, kati ya Wazungu ni kama 2 kwa 100. Kwa mgonjwa Ro, damu isiyo na C wala E inapatikana wapi mahali ambako wachangiaji wengi ni Wazungu? Kwa wenye D hasi, kwa sababu wengi wao hawana C na E pia. Basi mgonjwa aliye O chanya anapewa O hasi, kila mwezi, miaka nenda rudi, na jokofu la O hasi linakauka, ile damu inayotunzwa kwa majeruhi ambao kundi lao halijajulikana. Wanaotoa damu wakiwa Ro wangeweza kumaliza tatizo hilo, na ndiyo maana huduma ya damu ya Uingereza imekuwa ikiwaomba watu weusi wajitokeze kuchangia kwa kutaja Ro waziwazi.

Duffy nayo inafundisha kwamba karatasi si kila kitu. Watu wengi sana wenye asili ya Afrika, na Afrika Magharibi karibu wote, hawana Fya wala Fyb kwenye chembe nyekundu. Mlango huo ndio ambao kimelea cha malaria aina ya vivax huutumia kuingia, jambo lililoonyeshwa mwaka 1976, na kukosekana kwake ni kinga kubwa, ingawa si kamili: mwaka 2010 watafiti waliripoti maambukizi ya vivax kwa watu wa Madagaska wasio na Duffy. Mtu mgeni wa kazi hii akiona mgonjwa hana Fyb atasema tumtafutie damu isiyo na Fyb. Lakini wengi wa watu hao jeni yao ya Fyb ni nzima. Kilichoharibika ni swichi inayoiwasha ndani ya chembe nyekundu peke yake. Kwenye tishu nyingine za mwili Fyb ipo kama kawaida. Kinga yao inaijua kuwa ni ya nyumbani, na ni nadra sana kuishambulia. Kwa hiyo Fyb inaweza kuachwa, na mifuko mingi inaokolewa. Hilo huwezi kulijua kwa kutazama kugandana kwenye neli. Unalijua kwa kusoma jeni.

Kusoma jeni kuna faida nyingine ya kila siku. Mtu aliyewekewa damu karibuni ana chembe za watu wengine mwilini, na ukizipima antijeni unapata mchanganyiko; inabidi kusubiri kama miezi mitatu bila damu, jambo ambalo kwa mgonjwa wa kila mwezi halitokei. Jeni tunazisoma kutoka kwenye chembe nyeupe, na matokeo hayavurugwi na damu aliyowekewa. Hata hivyo, anayeweza kuchukua sampuli kabla ya mfuko wa kwanza asiache. Matone machache ya anti-C, anti-c, anti-E, anti-e na anti-K, na kazi imekwisha asubuhi ileile. Ushauri huo unawahusu pia wanaoanza daratumumab, dawa ya saratani ya uboho, kwa kuwa dawa hiyo hushika kila chembe ya paneli na kutuachia karatasi iliyojaa alama za kujumlisha.

Nisije nikaonekana nauza miujiza. Mwaka 2013 Chou na wenzake waliripoti kutoka hospitali moja ya Marekani iliyokuwa ikilinganisha C, E na K, tena ikitumia kwa sehemu kubwa wachangiaji weusi kwa wagonjwa wake wa selimundu. Waliokuwa wakiwekewa damu kwa ratiba walikuwa na kingamwili kwa asilimia 45. Nyingi zilikuwa za Rh, kwa wagonjwa ambao kwa karatasi walilinganishwa sawasawa. Sababu ilikuwa aina zisizo za kawaida za jeni za Rh, zilizo nyingi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mgonjwa anapimwa C, jibu linarudi ana C. Kumbe ana C pungufu, protini iliyobadilika kidogo, na C kamili ya mchangiaji kwake ni mgeni. Wengine wanasoma utafiti huo na kusema kulinganisha hakuna maana. Mimi nausoma kinyume: tulilinganisha kwa macho, na macho yamefika mwisho wake. Mwaka 2024 Uingereza ilianza kuwapima jeni za makundi ya damu wenye selimundu na thalasemia kwa mpango wa huduma yake ya afya, na mwelekeo ni huo.

Ila jeni za mgonjwa ni nusu ya jambo. Haitusaidii kujua kwa usahihi mtoto anachohitaji ikiwa mifuko yote kwenye jokofu imeandikwa O chanya na basi. Nikiulizwa fedha zikipatikana zianzie wapi, jibu langu halianzii kwenye mashine ya jeni. Lianzie kwa wachangiaji wa kudumu, wale wanaorudi kila msimu bila kubembelezwa. Wapimwe C, c, E, e na K kwenye michango miwili tofauti, majibu yakilingana yaingizwe kwenye kompyuta, na kuanzia hapo yachapwe kwenye lebo ya kila mfuko wanaoutoa. Mfuko ukiwa na lebo hiyo, kumpatia mtoto damu inayomfaa kwa Rh na K ni kufungua jokofu na kusoma.